Asilimia 51 ya nini?

Ubia wa kubangua korosho ukifa huku Kusini, maiti haijapoa vijiwe vya Masasi na Newala vimeshahukumu: "Tamaduni haziendani." Mgeni hana subira, mwenyeji hajali muda, kwisha. Mkataba wenyewe hakuna aliyeufungua, pengine hata waliousaini.

Hukumu hiyo inaniudhi kwa sababu inawasafisha watu waliokubali vifungu vibovu huku wakipigiwa vigelegele.

Tukisikia mwenyeji kapata asilimia 51 ya hisa tunashangilia kama tumefunga goli. Hizo 51 zinapitisha azimio la kawaida tu. Azimio maalumu, kama la kubadili katiba ya kampuni, linataka robo tatu ya kura, kwa hiyo mwenye 49 anakaa kitako na kusema hapana. Bado kuna orodha ya mambo yanayotaka ridhaa ya pande zote: mkopo, bajeti, meneja mkuu.

Chukua mkopo. Minada inaanza Oktoba, na kufika Januari mzigo mwingi umeshaondoka. Kiwanda kinachotaka kubangua mwaka mzima lazima kijaze ghala kipindi hicho, kwa pesa ya benki. Sasa akidi ya bodi haitimii bila mjumbe wa mgeni, na mjumbe hapokei simu. Mkopo ukitoka Januari, kiwanda kinabangua wiki chache, kisha kinafuga popo. Dawa: mkopo uidhinishwe Julai, na kikao kikikosa akidi kiitishwe tena baada ya siku 7 kwa ajenda ileile, watakaofika ndio wawe akidi.

Ila kifungu kinachokula watu ni cha mauzo. Mbia mgeni mara nyingi ndiye mnunuzi pia, kupitia kampuni dada. Kilo 4 hadi 5 za korosho ghafi zinatoa kama kilo 1 ya karanga, yaani korosho iliyobanguliwa, na pesa iko kwenye nzima, zisizovunjika: madaraja ya W180, W240, W320. Namba ni idadi ya karanga kwenye ratili moja. Ikiwa ndogo, karanga ni kubwa na bei inapanda. Kwa hiyo anayepanga madaraja ndiye anayegawa faida. Kontena likishuka ng'ambo, inakuja barua kwamba nzima zimefika vipande. Nani atapanda meli akahesabu? Ongeza mashine zilizonunuliwa kwa mbia huyohuyo bila kushindanisha bei, na ada ya uendeshaji inayokatwa kwenye mauzo kabla faida haijaonekana. Kampuni ya ubia inalia hasara, kampuni dada inanenepa, na wewe unamiliki asilimia 51 za kilio. Madaraja yapangwe kiwandani kabla ya kontena kufungwa, na mkaguzi asiyelipwa na upande mmoja. Kila mbia abaki na sampuli iliyofungwa kwa lakiri. Na mwenye maslahi asipige kura kwenye mkataba unaomhusu. Anayekataa haya amekwambia nia yake bure.

Haya, utamaduni upo. "Ndiyo" ya mwenyekiti wa AMCOS, chama cha msingi cha ushirika cha wakulima, kikaoni huwa ni heshima kwa mgeni, si kibali. Lakini kurudi kwa wanachama, ambako mgeni anakuita uswahili, ndiyo taratibu ya ushirika, na mwenyekiti mwenyewe ni wa kuchaguliwa: kesho ni mwingine. Muhtasari wa mkutano mkuu uambatishwe kwenye mkataba, nao usomwe kwa Kiswahili kabla ya sahihi.

Toyota na General Motors (GM) ya Marekani walipoungana 1984 kufufua kiwanda cha magari cha Fremont, California, ambacho GM ilikifunga 1982 na ambacho kilisifika kwa utoro, wengi wa walioajiriwa walikuwa wafanyakazi walewale. Kilichobadilika ni taratibu: fundi aliyeona kasoro aliruhusiwa kuvuta kamba na kusimamisha laini nzima. Magari yakatoka safi. Wamarekani hawakugeuka Wajapani.

Kwa ubia unaofuata, kabla ya vigelegele, tafuteni kifungu cha kuachana. Mashine zitapakiwa zirudi zilikotoka. Ghala lililowekwa dhamana benki je, ni la nani?