Saa Moja ya Kazi, Safari Moja ya Matatu

Mgeni mwenye dola mfukoni atakwambia matatu za Nairobi ni bei nafuu. Nauli ya shilingi 80 haifiki hata dola moja, analalamikia nini mtu wa Githurai? Hesabu yake haina kosa, ila haimsaidii anayelipwa kwa shilingi.

Tupige hesabu nyingine. Agizo la Novemba 2024 liliweka kima cha chini cha mshahara wa kibarua wa kawaida jijini kuwa shilingi 16,113.75 kwa mwezi, bila marupurupu ya nyumba. Gawanya kwa siku 26, saa nane kila siku, upate takriban shilingi 77 kwa saa. Kwa hiyo anayelipa 80 kwenda na 80 kurudi anatumikia nauli kwa zaidi ya saa mbili kila siku. Kwa mwezi ni shilingi 4,160, robo ya mshahara na ushee, kabla ya SHIF (bima ya afya ya serikali) na ushuru wa nyumba kukatwa. Jijini London mwaka 2025 safari ya basi ilikuwa pauni 1.75 na kima cha chini pauni 12.21 kwa saa. Saa moja ya kazi huko ilitosha safari karibu saba. Na huyu wetu wa kima cha chini ana nafuu, maana Wakenya wengi wamo kwenye jua kali, ambako agizo la mshahara halifiki.

Lawama zote humwangukia makanga, kwa kuwa ndiye anayenyoosha mkono. Mimi siafiki. Basi la London linabebwa na fedha za umma, ilhali matatu inaishi kwa nauli peke yake. Humo humo itoke dizeli, mkopo wa benki, bima, ada ya sacco (ushirika wa wenye matatu), ada ya kaunti, mgao wa kamagera, yaani mpiga debe wa stejini, kitu kidogo cha barabarani, kisha "hesabu", kile kiasi ambacho mwenye gari anadai kila siku. Kinachobaki ndicho dereva na makanga wanagawana. Asubuhi gari linajaa kuja mjini na kurudi mtaani karibu tupu, na jioni mambo yanageuka. Foleni ya Jogoo Road inachoma mafuta pasipo abiria mpya kupanda. Kwa hiyo nauli ya saa za msongamano kuwa juu kuliko ya mchana ina sababu yake, hata kama inauma.

Panapokwama utetezi huo ni mafuta yanaposhuka. Oktoba 2023 lita ya dizeli Nairobi ilikuwa shilingi 205.47, na Desemba 2024 ikawa 165.06. Bei ilipopanda, nauli ilifuata mbio. Iliposhuka, abiria wengi hawakuona ikiteremka kwa kasi ile ile. Wenye magari wanajibu kwamba mafuta si gharama pekee. Wana hoja: Februari 2024 Benki Kuu ilipandisha riba yake ya msingi hadi asilimia 13, na mwenye gari la mkopo alilihisi hilo. Lakini hakuna abiria anayeonyeshwa hesabu hizo, basi anabaki kuamini au kununa.

Kwangu tatizo kubwa kuliko kiwango chenyewe ni kwamba nauli haitabiriki. Mfikirie mama fua wa Kawangware anayekwenda kubisha milango Kileleshwa. Hana mshahara wa mwezi, ana kazi ya leo akiipata. Nauli ya shilingi 50 anaweza kuipanga. Hawezi kupanga 50 inayogeuka 100 jioni kwa sababu wingu limetanda, na mvua hiyo hiyo ndiyo inayomzuia kutembea. Wengi hawagombani na makanga, wanashika tu njia kwa miguu. Tafiti za usafiri jijini zimeonyesha kwa miaka kwamba takriban safari nne kati ya kumi ni za miguu, na wanaotoka Kibera alfajiri kuelekea Industrial Area hawatembei kwa ajili ya afya.

Serikali iweke bei, basi? Tanzania inafanya hivyo: LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, hutangaza nauli za daladala na mwenye gari anapaswa kuzifuata. Abiria wa Dar es Salaam anajua atalipa ngapi. Anajua pia maana ya kukatisha ruti, dereva anaposhusha watu kabla ya mwisho wa njia ili ageuze kuwahi wengine, kwa sababu nauli iliyopangwa haimlipi kumaliza safari. Sisi wenyewe tulijaribu basi la serikali: Nyayo Bus lilianza 1986 likipendwa kwa unafuu wake, na miaka ya 1990 likafa kwa usimamizi mbovu. (Wazee wa Eastlands bado wanalisifu. Hawakuwa wakilipa madeni yake.)

Ninachokiona kinawezekana ni kidogo zaidi: kila sacco ipange nauli zake mbili, ya msongamano na ya kawaida, izibandike stejini na mlangoni mwa gari, na NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, ifanye hilo kuwa sharti la leseni. Bei ipangwe na sacco yenyewe, mradi isibadilike kwa wingu.

Kizuizi nakijua. Mwaka 2014 serikali ilitaka nauli zilipwe kwa kadi, na kadi ya BebaPay ilikuwa imeingia mwaka mmoja kabla. Mpango ukafa, kwa kuwa wafanyakazi wa gari wanaishi kwa kile kinachozidi hesabu ya mwenye gari, na kadi inakianika. Nauli iliyobandikwa itagusa mfuko huo huo. Kanuni za Michuki, waziri wa uchukuzi wa wakati huo, zilizoanza kutekelezwa 2004, zilitaka dereva na kondakta waajiriwe kwa kudumu. Mikanda na vidhibiti mwendo tukavikumbuka, ajira tukaisahau. Wakilipwa mshahara, gharama hiyo itaingia kwenye nauli, na ile 50 ya mchana huenda ikawa 60. Ningeichagua 60 ya kila siku kuliko 50 isiyoaminika, ingawa si mimi ninayefua nguo Kileleshwa.