Samora Hapaelekezeki

Anayepeleka bahasha kwa miguu katikati ya Dar es Salaam angestahili posho ya mateso. Mimi ni tarishi, na mtaa unaonitoa roho ni Samora. Si kwa urefu. Anzia Mnara wa Saa, ule uliojengwa 1961 Dar ilipopandishwa kuwa jiji, nyoosha mpaka bustani ya mimea kule mwisho. Jasho litakutoka, lakini utafika. Tatizo ni kuuliza njia. Wenyeji wa mtaa huu wanakuelekeza kwa vitu ambavyo havipo.

Mzee mmoja kaniambia, "Mwanangu, shika Independence." Independence ipi tena? Ndiyo hiyo hiyo Samora! Mjerumani aliuita Unter den Akazien, yaani chini ya migunga. Mwingereza akaja, akafikiri weee, akatoka na Acacia Avenue. Tulipopata uhuru ukawa Independence Avenue, baadaye ukapewa jina la Samora Machel, rais wa kwanza wa Msumbiji. Hapo sina ugomvi, chama chake cha FRELIMO kilizaliwa Dar hii hii mwaka 1962. Ninachodai ni migunga yangu. Saa saba mchana natembea na bahasha ya watu kichwani nijikinge na jua. Kivuli cha siku hizi ni cha maghorofa ya vioo, nacho kina mlinzi. Ukiegemea tu uvute pumzi: "Mjomba, hapa hapasimamwi." Mgunga haukuwa na kirungu.

Halafu kuna hawa wa "pale Salamander." Jengo lenyewe lilikuwa la enzi za Mjerumani, chini mgahawa, watu wakikaa na chai yao wanatazama wapita njia. Likabomolewa. Mahali pake likapandishwa ghorofa refu likaitwa Salamander Tower. Sasa mtu akikwambia "Salamander", usidhani umeelewa. Kijana anamaanisha lifti. Mzee anamaanisha chai.

Lakini bingwa wa kuchanganya ni Bismini. Ukisikia "kutana nami Bismini", usiende kutafuta duka. Wanasema ile Sanamu ya Askari kwenye kipilefti, makutano ya Samora na Azikiwe. Hapo zamani, tangu 1909, ilisimama sanamu ya Mjerumani aitwaye Hermann von Wissmann, gavana wa zamani, ndiye huyo "Bismini" wa midomo yetu, na askari Mwafrika kamsimamisha chini yake anamtazama. Waingereza walipouteka mji wakamng'oa. Mwaka 1927 wakaweka askari wa shaba, peke yake safari hii, kukumbuka Waafrika waliokufa katika Vita Kuu ya kwanza. Wissmann akaishia Hamburg, akasimamishwa tena 1922, na miaka ya 1960 wanafunzi wa chuo wakamvuta kwa kamba wakamwangusha. Yaani mtu kang'olewa mabara mawili, na bado Dar anatumika kuelekezea tarishi!

Yule askari ninampenda. Chini yake kuna maandishi ya Kiingereza na Kiswahili, hicho Kiswahili kimeandikwa kwa herufi za Kilatini na za Kiarabu pia, ili asiwepo wa kusema hakuambiwa. Singe yake imeelekea bandarini. Mjini kote ndiye pekee anayekuonyesha njia bila kudai ya soda.

Juzi bosi kachoka na visingizio vyangu. "Tumia ramani ya simu, acha kuuliza wazee." Sawa bosi. Nikaifuata, kulia, kushoto, nikawaruka wauza vitabu vya mtumba, nikakwepa meza ya chaja, mwanamke wa ndani ya simu akatangaza kwa madaha kwamba nimefika. Kuinua kichwa, niko katikati ya kipilefti, miguuni pa askari, bajaji zinanipigia honi kutoka pande zote na kondakta mmoja ananiuliza kama nasubiri kuapishwa.

Nikavuka mbio, nikampigia mwenye bahasha. Nikajieleza kwa adabu zote: shikamoo, mimi tarishi, nipo Samora, nina barua yenu, jengo ni lipi?

"Marahaba. Pole sana baba. Sisi mbona tulishahamia Dodoma?"