Jaji akishaamua: London na Dar

Jamaa zangu wa Mwanza hawaniamini ninapowaambia kwamba hapa Uingereza hakuna mahakama inayoweza kufuta sheria iliyopitishwa na Bunge. Jaji akiona sheria inagongana na haki za binadamu, anaruhusiwa na sheria ya mwaka 1998 kutamka hivyo, basi. Inaendelea kutumika mpaka Bunge lenyewe liamue. Tena Waingereza hawana hata kitabu kimoja kiitwacho Katiba. Sisi tunayo, na Mahakama Kuu yetu ina meno ya kubatilisha kifungu. Kwenye makaratasi tumewazidi.

Kwenye utekelezaji ndipo ninapoona wivu. Hapa hukumu ya mahakama ya juu inazifunga za chini, na mawakili hushinda wakibishana kama kesi ya leo inafanana na ya zamani au la. Mfano ninaopenda ni wa mwaka 1991. Kwa karne nyingi mume hakuweza kushtakiwa kwa kumbaka mkewe, kwa sababu jaji mmoja wa karne ya 17, Matthew Hale, aliandika kwamba mwanamke akishaolewa amekwisha kuridhia. Majaji watano wa Bunge la Malodi, yaani baraza la juu la Bunge lisilochaguliwa na wananchi, ambalo wakati huo ndilo lilikuwa mahakama ya mwisho, wakayatupa maneno hayo. Hakuna mbunge aliyepiga kura. Bunge lilikuja kuliandika jambo hilo katika sheria mwaka 1994, kazi ikiwa imeshafanyika.

Siku hizi rufaa za mwisho husikilizwa na Mahakama ya Juu, iliyofunguliwa mwaka 2009 mkabala na Bunge. Unaingia bure, wanakagua mkoba wako, unakaa nyuma na kusikiliza. Majaji wamevaa suti za kawaida, hakuna joho wala wigi, na wamekaa usawa mmoja na mawakili wanaowahoji. Asiyeweza kufika anatazama mtandaoni.

Msidhani nawasifia tu. Novemba 2023 majaji watano wa mahakama hiyo walikubaliana kwamba Rwanda haikuwa nchi salama ya kupelekewa waomba hifadhi, kama serikali ilivyokuwa imepanga. Serikali ikapeleka muswada bungeni, Malodi wakaurudisha na marekebisho tena na tena, wabunge wakayakataa, na Aprili 2024 ikatoka sheria iliyotamka kwamba Rwanda ni salama na kuwaagiza majaji waione hivyo. Ubabe mtupu! Ila ulifanyika mchana kweupe: waziri alisimama akajibu maswali, kila aliyepiga kura jina lake limeandikwa, na serikali iliyoingia Julai mwaka uleule ikautupa mpango wote.

Sasa twende nyumbani. Julai 2016, katika kesi ya mwanaharakati wa haki za wasichana Rebeca Gyumi, Mahakama Kuu ilisema vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa ya 1971, vinavyoruhusu binti wa miaka 15 kuolewa, vinakwenda kinyume na Katiba. Bunge likapewa mwaka mmoja wa kuvirekebisha. Mwanasheria Mkuu akakata rufaa; Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupa. Ukapita 2020, ukapita 2021, 2022, 2023, vifungu viko palepale. Katikati ya kimya chetu hicho Waingereza, bila kuamriwa na jaji yeyote, walipandisha umri wa kuoa na kuolewa England na Wales kutoka 16 hadi 18 kwa sheria ya mwaka 2022.

Wapo watakaoniambia kwamba na sisi tuliwahi kupinga mahakama waziwazi. Kweli. Mwaka 1994 Jaji Lugakingira alimruhusu mgombea binafsi, yaani asiye na chama, katika kesi ya mwanasiasa Mchungaji Mtikila, na Bunge likabadili Katiba kumzuia. Sikuupenda uamuzi ule, lakini angalau tulijua nani kaamua nini. Binafsi naona heri Bunge linalomkatalia jaji usoni kuliko linalomwacha aseme peke yake.

Hukumu ya 2019 iko TanzLII, tovuti ya sheria na hukumu za Tanzania, inasomwa bure hata kwa simu. Ningefurahi kumsikia mbunge mmoja pale Dodoma akimuuliza waziri swali moja: tunaifuata, au hatuifuati na sababu ni hii?