Nani kasema vicheza muziki vimekufa?

Apple ilipotangaza mwaka 2022 kwamba inaachana na iPod, kicheza muziki chake cha mfukoni, mitandaoni watu waliandika rambirambi. Labda msiba ulikuwa wa huko kwao Marekani. Shuka Mwaloni, soko la samaki la Kirumba jijini Mwanza, asubuhi dagaa wanaposhushwa: utakuta kispika kimefungwa kamba ya manila kwenye ubao wa mtumbwi, memori kadi imechomekwa ubavuni, kinaimba.

Kwa uwezo, kispika hicho hakina cha kuwaonea aibu wakubwa zake. MPMan, kicheza muziki cha Korea Kusini, iliyoingia sokoni mwaka 1998, ilikuwa na MB 32, yaani nusu saa hivi ya muziki. iPod ya kwanza, mwaka 2001, ilikuja na diski ya GB 5 kwa dola 399. Leo kadi ya GB 8 ni ndogo kuliko ukucha, na kijana wa mjini anakujazia huku ukisubiri.

Mimi napenda zaidi betri yake. Vispika vingi vya aina hii hutumia BL-5C, ileile ya Nokia za vitochi. Ikiisha, unachomoa unaweka nyingine, hata ukiwa katikati ya ziwa. iPod ilifungwa kama kopo la samaki. Betri ikichoka, ni safari ya kwa fundi.

Kero ipo, tena kubwa: hakuna skrini. Ukitaka wimbo wa mia na kitu, utabonyeza mpaka kidole kife ganzi. Na vingi hufuata zamu nyimbo zilivyoingizwa kwenye kadi, si alfabeti, kwa hiyo aliyekujazia ndiye DJ wako wa mwezi mzima. Kama hutaki singeli ikutangulie kabla ya kwaya, mwambie mapema.

Tukija kwenye kuachana na waya, Microsoft walijaribu mwaka 2006 na kicheza muziki chao, Zune. Ulimrushia mwenzako wimbo kwa Wi-Fi, naye akausikiliza mara tatu tu au ndani ya siku tatu, ukajifunga. Zawadi gani hiyo? Vijana wenye simu za bluetooth walirushiana wimbo mzima, ukabaki.

Wasanii waliumia kwa mtindo huo, sikatai. Lakini dawa tuliyoletewa, ya kusikiliza kupitia intaneti, inakula bando, na ukielekea visiwani kuna mahali mtandao unakuaga. Kupakua ndani ya programu kunawezekana, ila kwa kawaida ni kwa anayelipia kila mwezi. Asipolipia, nyimbo zinafungwa zikiwa mfukoni mwake.

Ningekuwa msanii wa Mwanza, albamu yangu ningeiuza kwenye kadi, bei ya mvuvi, palepale panapouzwa nyavu na taa za sola. Na wimbo ninaoutegemea ningeuingiza wa kwanza.