Ugonjwa wa Lyme: Ugomvi wa siku kumi unaogeuka kuwa wa miaka

Madaktari wa kaskazini-mashariki mwa Marekani wanamfahamu vizuri: mume au mke anayeingia na mgonjwa kwa daktari, kabeba faili la majibu ya maabara, akijibu maswali kabla mgonjwa hajafungua kinywa. Anataka mwenzake apewe dawa ya Lyme, ugonjwa wa bakteria unaoenezwa na kupe. Daktari anaona king'ang'anizi. Yeye anamwona mtu aliyekuwa akipanda ngazi mbio mwezi Mei, na sasa ni Agosti hamalizi hata kuosha vyombo.

Ugomvi huu huelezwa kana kwamba ni mmoja: huku sayansi, kule familia zinazodai antibiotiki za miezi na miezi. Ni ugomvi wa aina mbili, na katika ule wa kwanza, wa wiki za mwanzo, familia mara nyingi ndiyo yenye haki.

Kupe anayeeneza Lyme huko, hasa yule mchanga, ni mdogo kuliko punje ya ufuta. Huuma bila kuumiza, hujibana nyuma ya goti, kinenani au kwenye nywele, na kwa kawaida hunyonya zaidi ya siku nzima kabla ya kupitisha vijidudu. Msomaji wa Dodoma anamjua papasi, yule wa sakafu na kuta za udongo, anayenyonya usiku kwa dakika chache kisha akarudi kwenye ufa wake. Homa ya papasi huletwa na borelia, bakteria aliye ndugu wa karibu wa borelia ya Lyme. Lakini mgonjwa wa homa ya papasi akitolewa damu homa ikiwa imepanda, fundi wa maabara anaweza kukiona kijidudu chenyewe kwenye darubini, kimejisokota. Borelia ya Lyme haikai kwenye damu kwa wingi kiasi hicho. Kwa hiyo maabara hutafuta kingamwili, yaani alama ambazo mwili umetengeneza dhidi yake, na mwili huchukua wiki kadhaa kuzitengeneza.

Hapo ndipo mambo huharibika. Mtu anafika siku ya saba akiwa na doa linalotanuka kwenye ngozi pale kupe alipouma, anapimwa, kipimo kinatoka hasi, anaambiwa hana Lyme. Katika hatua hiyo ya doa, kipimo hukosa zaidi ya nusu ya wagonjwa. Mwongozo wa mwaka 2020 wa chama cha madaktari wa magonjwa ya kuambukiza cha Marekani, kile kile kinacholaumiwa sana na familia, unasema wazi kwamba mtu mwenye doa la kawaida la Lyme aliyekuwa eneo lenye kupe atibiwe bila kusubiri maabara. Tiba yenyewe ni antibiotiki ya doksisaiklini, miligramu 100 mara mbili kwa siku, siku 10. Vidonge 20. Doa likiwa la mashaka, damu ipimwe, kisha irudiwe baada ya wiki mbili au tatu. Mwenzi anayedai vidonge hivyo 20 hapingi sayansi, ameishika mkononi. Na mgonjwa aliyenyimwa wiki ya kwanza ndiye anayerudi miezi baadaye na goti lililojaa maji, au uso ulioanguka upande mmoja.

Kwa ngozi nyeusi hatari huongezeka. Vitabu vingi huonyesha duara jekundu kwenye ngozi nyeupe. Kwenye ngozi yetu doa linaweza kuonekana kama weusi uliokolea au damu iliyovilia, na wala si lazima liwe na duara ndani ya duara. Tafiti za Marekani zimeonyesha kuwa wagonjwa weusi, mara nyingi zaidi kuliko weupe, hugunduliwa wakati ugonjwa umeshaenea. Jambo hili linazigusa familia za Wakongo na Warundi zilizohamia Maine, jimbo lenye Lyme nyingi mno. Ushahidi wa mwenzi hapa una uzito mkubwa: chora mpaka wa doa kwa kalamu, weka sarafu kando, piga picha kila siku kwenye mwanga wa dirisha, andika tarehe. Doa likivuka mstari na kupita sentimita 5, daktari ana jambo la kutazama. Mgonjwa akizimia, akisikia kizunguzungu au moyo ukienda vibaya, dai kipimo cha umeme wa moyo siku hiyo hiyo, maana Lyme inaweza kuuzuia moyo kupiga sawasawa, na imewahi kuua. Dawa ikipatikana, inywewe kwa maji mengi mgonjwa akiwa ameketi, mbali na maziwa, vidonge vya chuma na dawa za kiungulia, kwa sababu hivyo huizuia isifyonzwe.

Ugomvi wa pili huja baadaye. Kwa makadirio ya CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, kati ya asilimia 5 na 10 ya waliotibiwa hubaki na uchovu, maumivu na akili isiyotulia kwa zaidi ya miezi sita. Familia hudai antibiotiki zaidi, na hapa madaktari wana hoja nzito. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2001, wagonjwa walipewa antibiotiki ya seftriaksoni ya mshipani siku 30, kisha doksisaiklini siku 60. Hawakupata nafuu kuliko waliopewa dawa tupu ya kulinganishia, isiyo na tiba ndani yake. Katika utafiti mwingine wa mwaka 2008, walipewa wiki 10 za dawa hiyo ya mshipani: kumbukumbu ilipanda kidogo, kisha faida ikapotea. Utafiti wa Uholanzi wa mwaka 2016 nao ulipata matokeo ya kukatisha tamaa. Na mpira unaokaa mshipani kwa wiki nyingi huleta damu kuganda na maambukizi. Wapo waliokufa kwa hayo. Hata kipimo cha IgM, yaani kingamwili za mwanzo, kikiwa chanya peke yake zaidi ya siku 30 tangu dalili zianze, hakihesabiki.

Massachusetts ilipitisha mwaka 2016 sheria ya kuzilazimisha bima kulipia antibiotiki za muda mrefu daktari akiziandika. Naelewa uchungu ulioizaa, ila inalipia sehemu ya ugomvi yenye ushahidi dhaifu, na haigusi ile wiki ya kwanza.

Bado, "huhitaji antibiotiki tena" hutamkwa mara nyingi kwa namna inayosikika "huumwi tena", na mwenzi hawezi kukubali hilo kwa mtu anayelala naye kitanda kimoja. Bima ikikataa, aombe sababu kwa maandishi. Rufaa ya ndani, kwa bima yenyewe, kwa kawaida ina siku 180, na baada yake kuna miezi minne ya kuomba mpitiaji wa nje. Mgonjwa asaini fomu inayomruhusu mwenzi kuzungumza na bima, la sivyo simu itaishia kwa karani wa kwanza.

Na kama malalamiko ni homa inayorudi, jasho la usiku na upungufu wa damu, aulizie babesia. Ni kimelea kinachoenezwa na kupe yule yule, na huishi ndani ya chembe nyekundu za damu kama malaria, na doksisaiklini haiitibu. Hutibiwa kwa atovakwoni na azithromaisini. Hii huweza kuonekana kwenye darubini, kwa tone la damu kwenye kioo, alimradi kuna mtu aliyeombwa kuitafuta.