Punda Mmoja na Wafalme Wake

Anayesema ni karani wa mikataba katika mkoa wa Arsinoe, Misri, mwaka 131 KK.

Leo asubuhi amenijia mkulima na punda wake jike, na nyuma yake mnunuzi aliyeukumbatia mfuko wa sarafu za shaba kama mtoto mchanga, wakaketi mbele yangu wakidhani kwamba hati ya mauziano itakuwa tayari kabla jua halijapanda. Nikawahurumia. Punda mwenyewe hanishughulishi, kwa maana mstari mmoja unamtosha: jike, kijivu, amekwisha kuzaa. Hao wawili nao ni mistari mitatu, yaani umri wa kila mmoja na mahali kovu lake lilipo, ili kesho asizuke mtu wa kukana kwamba ndiye. Kinachonimalizia wino ni tarehe, kwa maana huandikwa kwa kuwataja wafalme na makuhani wa mwaka huo.

Babu wa babu yangu alikuwa karani pia, naye aliishi kwa raha. Alimtaja mfalme Ptolemaios mwana wa Ptolemaios, akamtaja kuhani wa Alexander Mkuu na wa Miungu Ndugu, yaani mfalme mmoja na dada yake aliyemwoa, akamtaja binti anayebeba kikapu cha Arsinoe, ndiye huyo dada, akaanza kuandika habari za ng'ombe. Tangu hapo kila mfalme na mkewe wamegeuka miungu, na kuhani yule yule mmoja wa Alexandria ameongezewa Miungu Wafadhili, kisha Miungu Wapenda Baba, kisha Miungu Waliodhihirika, kisha Wapenda Mama, na hakuna hata mmoja anayefutwa. (Huyo Mpenda Baba ndiye ambaye mama yake aliuawa mara tu alipoketi kwenye kiti cha enzi, lakini mimi siulizwi maoni.) Sijamfikia bado kuhani wa kike wa Arsinoe mwingine, mke wa Mpenda Baba, wala binti anayebeba tuzo ya Berenike, huyo mama aliyeuawa.

Hayo yote ni ya waliokufa. Walio hai ndio balaa, kwa maana nimezoea kuandika hivi: Mfalme Ptolemaios, na Malkia Kleopatra Dada, na Malkia Kleopatra Mke. Mkulima akaniuliza kama huyo Dada si mke. Nikamwambia ni mke pia, na ni dada yake mfalme wa tumbo moja, ambaye kabla ya hapo alikuwa mke wa kaka yao mkubwa, marehemu. Na huyo Mke ni binti wa Dada aliyezaliwa na marehemu. Kwa hiyo mama na binti ni wake wenza, na binti ameolewa na mtu ambaye ni mjomba wake kwa mama, baba yake mdogo kwa baba, na baba wa kambo tangu alipomwoa mama. Mkulima alihesabu kwa vidole, akafika kwenye kidole gumba, akaniomba maji.

Watu wa Alexandria humwita mfalme huyo Physkon, yaani Kitambi, na jina lake la Mfadhili wamelipindua likawa Mtenda Mabaya. Mimi nisingejali kitambi chake kama angeniachia hesabu ya miaka. Anahesabu tangu alipovikwa taji akiwa kijana, pamoja na miaka 18 aliyokuwa akitawala Cyrene, huko Libya, wakati nduguye akitawala hapa, na sasa tunakaribia 40. Basi amegombana na Dada, Alexandria imeshika upande wa Dada, naye Dada ameanza kuhesabu upya kutoka 1. Kila asubuhi namtuma kijana wangu mferejini awaulize wenye mashua leo ni mwaka wa nani.

Nasikia huko Shamu, kwa wafalme wa kina Antiochos, miaka inahesabiwa mfululizo tangu Seleukos mwenyewe, mfalme wao wa kwanza. Mfalme anakufa, mwingine anampindua mwanawe, wa tatu anatokea mafichoni, na karani anaongeza moja tu. Hivi sasa wamepita 180 bila kurudi nyuma. Mtu wa namna hiyo hula chakula cha mchana nyumbani kwake.

Sisi tuna njia moja ya mkato, ambayo hata makarani wakubwa huitumia: baada ya wafalme unaandika "na wengine kama inavyoandikwa Alexandria", ukavuka miungu yote kwa pumzi moja. Ndivyo nilivyofanya, nikapuliza wino ukauke, nikampa mnunuzi hati yake. Hajui kusoma. Akaiinua juani, akaigeuza huku na huku, akahesabu mistari kwa ukucha, kisha akafunga mfuko wake wa shaba. Jirani yake, alisema, alinunua punda kipofu mwaka juzi na hati yake ilifika magotini; hii yake inaishia kiganjani, basi wafalme waliobaki nimewaweka wapi? Nimekata kipande kingine cha mafunjo, na nimefika kwa Miungu Ndugu.