Salamu Nayo Inalipiwa?

Jamani, watu wa Lamu, mnapita barazani kimya kama majini, mna nini? Kanuni twaijua tangu chuo cha Kurani: aliyepanda humsalimu atembeaye, atembeaye humsalimu aliyekaa, wachache huwasalimu wengi. Leo wazee wamekaa, kijana anapita kajiziba masikio kwa nyaya, macho kwenye simu, hata kikohozi hatoi! Na mji wenyewe ndio huu, vichochoro ambavyo punda akipita na mzigo lazima ujibanze ukutani. Bega langu limegusa bega lako, nawe hunioni? Ni nani huyo wa kwenye simu anayenishinda mimi niliye mbele ya pua yako?

UNESCO iliutia Mji wa Kale kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2001, na kila siku twalilia kuta za matumbawe na milango ya nakshi. Sawa, tulie. Lakini hizo baraza za mawe zilijengwa nje ya nyumba ili watu wakae wanyimwe salamu?

Wa bodaboda ndiyo kabisa. Salamu yake honi. Honi! Kwa bibi aliyeketi na tasbihi yake!